Nati Iliyogoma: Vifaa vya Kuwa Navyo Nyumbani

Kwenye mabanda mengi ya pancha mjini Tarime, kuanzia Turwa hadi njia ya Sirari, nati za tairi hukazwa kwa namna moja. Kijana anachomeka spana ya tairi, anavalisha bomba la chuma kwenye mpini wake, anashika paa la gari kwa mkono mmoja, kisha anapanda juu ya bomba na kulikanyaga mpaka nati ilie. Mwenye gari anaridhika, tairi limekaza. Miezi inapita. Siku moja mtu huyo yuko ng'ambo ya Mto Mara, njia ya Mugumu, jioni, tairi la nyuma limeisha upepo. Anatoa ile spana fupi iliyokuja na gari kutoka Japani, anakanyaga, nati haisogei. Anakanyaga tena, spana inateleza, kona za nati zinalika. Alikuwa na tatizo la tairi. Sasa ana tatizo la nati, na hili la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Napima hapa vifaa vya kufungulia nati za namna hiyo kwa mtu mwenye gari la kawaida nyumbani: Probox, Noah, IST, Hiace, au Land Cruiser ya zamani. Msimamo wangu nautoa mapema. Nati nyingi zinazogoma kwetu hazikugomeshwa na kutu. Ziligomeshwa na mkono wa aliyezikaza, au na soketi isiyo saizi yake. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye soketi nzuri na mpini mrefu, na ya pili kwenye kifaa cha kukazia kwa kipimo. Mashine ya umeme inaweza kusubiri. Moto usitumike nyumbani kabisa.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na inafaa kila mwenye gari aijue. Toyota wanataka nati za magari yao madogo, Corolla, Probox, IST na yanayofanana nayo, zikazwe kwa nyutoni-mita 103. Ni sawa na uzito wa kilo 35 ukibonyeza ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima anayesukuma kwa bidii, basi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo hiyo tayari amefika mara mbili ya kipimo. Akivalisha bomba na mpini ukawa mita moja, uzito wake peke yake unatoa karibu nyutoni-mita 690, zaidi ya mara sita. Akiruka, hata hapo amepapita.

Stadi, yaani bolti inayoshika nati, ndiyo inayopokea nguvu yote hiyo, na ina unene wa milimita 12. Kazi yake ni kuvutika kidogo sana na kutaka kurudi. Ndivyo inavyoibana rimu. Ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Thredi zake zinajipinda, zinaumana na za nati, na kuanzia siku hiyo nati itafunguka kwa kelele, au stadi itakatika. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Katika nguvu yote anayotoa mtu kukaza nati, takriban sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayobaki kuwa mbano kati ya rimu na gari. Zinazobaki zinaliwa na msuguano, chini ya nati na ndani ya thredi. Ndiyo maana udongo kidogo, kutu kidogo, au mafuta kidogo hubadilisha mambo kabisa, kwa kufungua na kwa kukaza.

Kutu nayo ipo, nisieleweke vibaya. Huku Mara hatuna chumvi ya bahari inayokula magari ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Lakini magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na sehemu za kaskazini ya nchi hiyo, hasa Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya theluji ili barafu iyeyuke. Gari la huko linaweza kung'aa juu kama jipya huku nati za egzosi, shokapu na viungo vya usukani zimeshakuwa kahawia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo ndani ya thredi inajibana yenyewe. Ongeza matope ya masika ya milimani Tarime, yanayokauka na kugandamana kuzunguka nati, na vumbi jembamba la njia za Serengeti linaloingia kila penye uwazi. Hapo nati iliyokazwa kwa kipimo sahihi nayo inaweza kukusumbua baada ya miaka miwili bila kuguswa.

Sababu nyingine hazihusiani na nguvu wala kutu, na anayezikosa huharibu vitu bure. Ya kwanza ni thredi zisizolingana. Stadi za Toyota nyingi ndogo na za Nissan nyingi ni za milimita 12, ila hatua ya thredi ya Toyota ni milimita 1.5 na ya Nissan ni 1.25. Kwenye kopo la nati la gereji zote zimelala pamoja na kwa macho zinafanana. Nati ya gari moja ikilazimishwa kwenye lingine huingia mizunguko miwili mitatu kwa vidole, kisha inakaza, na aliye na bomba hatambui kwamba anakata thredi mpya juu ya ya zamani. Nati ya hivyo haitoki kwa mafuta wala kwa maombi. Itatoka na stadi yake.

Ya pili ni thredi za kushoto. Malori ya Kijapani ya zamani, Fuso na Canter zikiwemo, yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inakoenda, kinyume cha nati nyingine zote. Kwa kawaida ncha ya stadi huwa na herufi L. Nimeona watu wakiikaza nati ya Canter kwa nguvu za vijana watatu wakiamini wanaifungua. Kwa magari madogo ya nyumbani jambo hili halipo, lakini aliye na Canter ya kubebea ndizi au mahindi asiguse spana kabla hajasoma herufi ile.

Ya tatu ni nati za kufuli. Baadhi ya magari yanayotoka Japani yana nati moja kwa kila tairi yenye umbo la ajabu, mviringo wenye mikato, isiyopokea soketi ya kawaida. Iliwekwa ili rimu za spoti zisiibiwe. Funguo yake ni kipande kidogo cha chuma, na mara nyingi hupotea kabla gari halijashuka melini. Mnunuzi hagundui mpaka siku ya pancha.

Sasa vifaa vyenyewe. Naanza na soketi, na hapa nitakaa, maana ndipo penye uamuzi mkubwa.

Soketi inayofaa nati iliyogoma ni ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili. Ile ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuivalisha mahali penye nafasi finyu, na seti nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Lakini hushika nati karibu na kona zake tu. Kona ikiwa imeliwa kidogo, soketi inaruka na kumaliza kilichobaki. Ya pembe sita hulala kwenye bapa za nati, na zile zilizotengenezwa vizuri zina mviringo mdogo kwenye kila kona ya ndani ili nguvu ihame kutoka kwenye kona za nati ikae kwenye bapa. Ukiichungulia soketi ndani dukani utauona mviringo huo. Ipeleke kwenye nati yako, ivalishe, kisha itikise kushoto na kulia kwa vidole. Ikicheza, irudishe kwenye rafu. Maandishi ya Chrome Vanadium yaliyogongwa ubavuni hayathibitishi kitu siku hizi, kila mtu anaweza kuyagonga. Mkono wako ukiitikisa utajua zaidi.

Saizi ni jambo la kwanza kujua, na ni kosa kulijua barabarani. Toyota nyingi za nyumbani na Nissan hutumia soketi ya 21 kwenye nati za tairi. Suzuki na Honda ni 19. Land Cruiser kubwa kuanzia toleo la 100 ni 22, na Land Rover Defender ni 27. Hapo kuna mtego wa inchi. Soketi ya inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye nati ya 19. Ya inchi 7/8 ni milimita 22.2, na kwenye nati ya 21 itaingia kwa raha na kuila. Seti za inchi na za milimita zimechanganyika kwenye visanduku vya mafundi wengi, na nati nyingi za mviringo ninazoziona zimetokana na mchanganyiko huo. Spana malaya ina kazi zake nyingi za halali shambani na kwenye bomba la maji, lakini nati ya tairi iliyokaza si mojawapo. Taya yake moja inatembea, na chini ya nguvu kubwa itafunguka kidogo tu, kiasi cha kutosha kuzungusha kona.

Mpini ndio unaofuata. Ule wa racheti wenye meno ndani haukutengenezwa kuvunja nati iliyogoma. Meno yake yatakatika kabla ya nati kusogea. Kinachotakiwa ni mpini mtupu wa soketi, usio na meno, wenye kichwa kinachopinda, urefu wa sentimita 60 au zaidi, na mraba wa nusu inchi. Kwa mpini wa sentimita 60, mtu wa kilo 70 anayebonyeza kwa nusu ya uzito wake anapata zaidi ya nyutoni-mita 200 bila kuruka na bila bomba. Nati iliyokazwa kwa kipimo, hata ikiwa na kutu ya miaka miwili, mara nyingi itaachia hapo. Spana ya msalaba nayo ni nzuri na ni nafuu, kwa sababu unavuta mkono mmoja na kusukuma mwingine, soketi haipindi upande, lakini mikono yake ni mifupi. Kuwa nayo ndani ya gari, na mpini mrefu kando yake.

Je, bomba halifai kabisa? Kwa kufungua, bomba juu ya spana imara si dhambi, mradi soketi imekaa sawasawa na mpini umetulia kwenye mstari. Dhambi ni kulitumia kukazia. Na kabla ya kubonyeza chochote, gari liwe chini na tairi zote ziguse ardhi, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa nyuma na mbele ya tairi la upande wa pili. Jeki ipande baada ya nati zote kulegezwa robo mzunguko. Mpini ukielekea kushoto kwako, utaufungua kwa kuubonyeza chini, na kubonyeza chini ni salama kuliko kuvuta juu, kwa mgongo wako.

Baada ya soketi na mpini kuna vitu viwili vya bei ndogo ambavyo watu huviruka: brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu. Brashi kwanza. Ncha ya stadi inayochomoza nje ya nati imejaa udongo mkavu na kutu, na nati italazimika kupita juu ya uchafu huo kila mzunguko ikitoka. Mara nyingi nati hulegea robo mzunguko kisha ikakwama tena kwa sababu hiyo tu. Isugue ncha mpaka thredi zionekane, ndipo uweke mafuta.

Kopo la WD-40 linauzwa kila mji sasa, na linastahili neno la haki. Lilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma cha roketi zisipate kutu. Kufukuza maji ndiyo kazi yake ya asili. Linasaidia kutu nyepesi, lakini kuna mafuta mengine yaliyotengenezwa mahususi kupenya thredi, na yanapita mbali zaidi. Ukiyakosa, dizeli au mafuta ya taa hufanya kazi kwa subira. Mafuta mepesi hujivuta yenyewe kwenye mwanya mwembamba, na jambo hilo linataka muda. Weka jioni, rudia asubuhi, fungua baadaye. Oili chafu ya injini ni nzito mno kuingia, na ina sumu kwa ngozi, iache. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri kweli, ila asetoni huwaka kwa cheche ndogo kabisa, na hautakiwi karibu na grainda wala sigara.

Halafu nyundo. Kwa wasiozoea, nyundo inaonekana ni ushenzi, lakini kwenye nati yenye kutu ni kifaa cha akili. Kutu ni ngumu na inavunjika, haipendi mshtuko. Fundi aliyezoea hushika nyundo nzito upande mmoja wa nati kama fuawe, na kwa nyundo ndogo anagonga bapa ya upande wa pili, pigo fupi fupi, akizunguka bapa moja hadi nyingine. Anaongeza mafuta, anasubiri, anagonga tena. Kisha, kabla ya kufungua, anaikaza nati kidogo tu, kama nywele. Kutu ikipasuka upande mmoja, upande wa pili unafuata. Msaidizi wake mwenye haraka ataambiwa, "Mura, taratibu, hiyo stadi huna nyingine." Jambo la kuogopa ni kugonga ncha ya stadi yenyewe. Thredi ya kwanza ikibonyea, nati haitapita hapo tena.

Mashine ya kufungulia nati inayotumia betri imekuwa kitu cha kawaida madukani, na chapa kama INGCO na TOTAL zimeenea Afrika Mashariki kote. Inafanya kwa sekunde kile ambacho nyundo na mpini vinafanya kwa dakika ishirini, kwa sababu inazungusha na kugonga kwa pamoja, mapigo mengi kila sekunde. Mwenye gereji anaihitaji. Kwa nyumbani naiona ni anasa inayokaribia kuwa na maana kwa mwenye magari mawili au matatu, au anayeishi mbali na fundi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya betri iliyojaa na nati iliyo katika hali nzuri. Betri ikichakaa inashuka. Na ukiinunua, nunua na soketi zake nyeusi za kazi hiyo. Soketi nyeupe zinazong'aa ni ngumu kwa juu na zinaweza kupasuka chini ya mapigo, na kipande kikaruka machoni. Zile ndogo zinazochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara ndani ya gari, usizihangaikie.

Nifike kwenye moto, na hapa sitaki kupunguza maneno. Moto unafanya kazi. Nati ya chuma yenye kipenyo cha milimita 12 ikipashwa nyuzijoto 300 zaidi hutanuka kama milimita 0.04, na hiyo inatosha kuvunja kutu iliyoshika. Mafundi wa gesi hupasha nati, si stadi, kisha husugua mshumaa kwenye chuma cha moto ili nta iyeyuke na kuingia kwenye thredi. Ni ufundi mzuri kwenye nati za egzosi na bolti za chasisi.

Lakini rimu yenye tairi isipashwe moto hata siku moja. Mpira unaopata joto kali kutoka kwenye rimu huanza kuoza kwa ndani na kutoa gesi zinazoweza kuwaka, na tairi hulipuka kwa nguvu ya kuua mtu aliyesimama kando. Kutoa upepo peke yake si kinga kamili. Tairi litolewe kwenye rimu kwanza, na kama nati haijatoka, basi moto si jibu, kuna njia nyingine. Rimu za spoti za alumini hupoteza ugumu wake zikipashwa. Kitovu cha gurudumu kina bearingi, grisi na sili za mpira ndani. Na mabomba ya petroli na breki hupita karibu na nati nyingi za chini ya gari. Hatari nyingine haionekani: baadhi ya makopo ya kusafishia breki yana kemikali za klorini, na zikikutana na moto hutoa gesi ya sumu kali inayoharibu mapafu kwa pumzi chache. Kama umepuliza kopo hilo, hakuna moto hapo.

Nati ambayo kona zake zimekwisha nayo ina ngazi zake. Ya kwanza ni soketi ndogo kidogo kuliko nati, igongwe kwa nyundo mpaka ikae kwa nguvu. Kwa nati ya 21 hapo ndipo soketi ya inchi 13/16, yenye milimita 20.6, inapopata kazi ya halali. Ya pili ni soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani, zinazojiuma kwenye nati kadiri unavyofungua. Seti yake si ghali na hizo hizo hutoa nati za kufuli zisizo na funguo. Praizi ya kujifunga inafaa nati ndogo za kilo chache, si za tairi. Baada ya hapo ni tindo na nyundo, kupasua nati kwa bapa moja, au grainda, au fundi wa kuchomelea aunganishe nati mpya juu ya ile iliyolika. Hatua hizi za mwisho zifanyike gereji. Stadi mpya ni rahisi kupatikana, rimu iliyochanwa na tindo si hivyo.

Nje ya magurudumu, hukumu inabadilika kufuatana na thamani ya kitu kilicho chini ya nati. Bolti ya kumwagia oili kwenye Toyota nyingi ni ya spana 14, na sampu nyingine ni za alumini. Hapo tumia soketi ya pembe sita na injini ikiwa na joto kidogo, wala usiongeze bomba. Plagi za injini ndani ya kichwa cha alumini zikigoma, zirudishe nusu mzunguko, weka mafuta, zisubiri, endelea kurudi na kwenda. Plagi iliyolazimishwa hutoka na thredi za kichwa. Nati za mabomba ya breki, saizi 10 kwenye magari mengi ya Kijapani, ni laini na zinataka spana yake maalumu inayozunguka bomba na kushika karibu pande zote. Spana ya mdomo itaila ndani ya dakika moja, na bomba la breki lililopindika si jambo la kubahatisha kwenye mteremko wa kutoka milimani. Nati ya ekseli ya Corolla na ndugu zake ni ya soketi 30, inakazwa kwa zaidi ya nyutoni-mita 200, na ukingo wake umegongwa uingie kwenye mfereji wa ekseli. Ukingo huo usiponyanyuliwa kwanza kwa tindo ndogo, utavunja mpini wako ukiilaumu kutu. Nati zenye pete ya plastiki ndani hubaki nzito mpaka mzunguko wa mwisho. Ndivyo zilivyoundwa, hazijagoma.

Inabaki siku ya kurudisha nati mahali pake, na hapo ndipo matatizo yote ya siku zijazo hutengenezwa au kuzuiwa. Anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikikataa vidole, thredi si zake. Kaza kwa mtindo wa nyota, ukivuka upande wa pili kila mara, ili rimu ikae sawa. Spana ya kupimia nguvu, ile inayotoa mlio ikifika kipimo, ni kifaa ninachokiweka juu ya mashine yoyote ya betri kwa matumizi ya nyumbani. Usiipake stadi mafuta wala grisi: kwa kuwa msuguano ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu, ukiupunguza, kipimo kile kile cha 103 kitavuta stadi kupita inavyotakiwa. Isugue kwa brashi, iwe safi na kavu. Grisi kidogo iwekwe kwenye mviringo wa kitovu ambako rimu inakaa, ili rimu isigande hapo. Baada ya kilometa 50 hadi 100, pima nati tena.

Na kwenye banda la pancha simama karibu. Mwambie kijana, kwa heshima, akaze kwa mkono na asipande bomba, umalizie mwenyewe na spana yako. Wengi watakubali, wanaruka kwa sababu wateja ndivyo wanavyodai.

Kwa hiyo, mwenye gari wa Tarime, Nyamongo au Mugumu: chagua Jumamosi moja, gari likiwa limepoa na limesimama kwenye ardhi ngumu, uzilegeze nati zote za magurudumu manne, moja baada ya moja, kisha uzikaze kwa kipimo. Hesabu kama kila gurudumu lina nati ya kufuli na kama funguo yake imo ndani ya gari. Zile zitakazogoma siku hiyo, zipeleke gereji mchana ule ule, kabla ya safari ya kuvuka Mto Mara.